Mwamba wa Kuanikia Mlenda

Sijui kama umewahi kunusa oili ya difu. Sisemi oili ya injini, ile hata ikichakaa mtu anaweza kuivumilia. Nasema oili ya difu, ile nzito inayolainisha gia za ekseli, inayonuka mayai viza. Ikikuingia kwenye kanga, ufue utakavyo na uanike utakavyo, itakaa imejificha kwenye pindo ikusubiri siku ya harusi ya watu. Nimeishi na harufu hiyo miaka mitatu, uani kwangu Nkuhungu, na asije mtu akaniambia kwamba nilizoea. Sikuzoea hata siku moja. Ilinitia kinyaa siku ya kwanza na inanitia kinyaa leo ninapoandika.

Mume wangu ni fundi magari. Hilo nililijua wakati ananioa, sina la kulalamika. Ila miaka yote hiyo uchafu wa gereji ulibaki gereji, na nyumbani alikuja mtu aliyenawa. Mambo yaliharibika alipompata mteja mmoja, bwana wa ofisini, katika wale waliohamia Dodoma pamoja na wizara zao. Bwana huyo alileta gari kubadilisha breki, akakaa kwenye benchi akisubiri, akamwonyesha mume wangu video kwenye simu. Ni watu wa nchi za mbali wanapandisha magari juu ya mawe. Barabara hawaitaki. Gari lenyewe ni mabomba matupu na matairi makubwa, linatambaa kwenye jabali lililosimama, gurudumu moja liko hewani, watu wanapiga mayowe. Likifika juu, linashushwa, linapandishwa tena.

Jioni nilionyeshwa na mimi. Bwana wa ofisini alikuwa amekuja kunywa chai. Nikauliza, "Huko juu kuna nini?"

Akacheka. "Hakuna kitu, shemeji. Point ni kupanda tu."

Nimekulia upande wa Mvumi, kwenye vilima vya mawe. Kwetu mtu akipanda kilima, ama mbuzi wake kapotea, ama anatafuta kuni, ama ana shida ambayo hataki kuisema mbele za watu. Sikuwahi kuona mtu mzima, baba wa watoto, akipanda jiwe kwa sababu lipo. Lakini nilimwongezea chai tu.

Walinunua mzoga wa pikapu. Wakalikata bodi lote, wakabaki na chasisi, wakailaza katikati ya ua wangu. Juu yake wakachomelea kizimba cha mabomba, ili gari likipinduka lisiwaponde. Difu ya mbele ilitoka kwenye gari moja lililokufa, ya nyuma kwenye jingine lililokufa kwa namna yake. Viti vilikuwa vya basi. Mlango hakuna, kioo hakuna, boneti hakuna. Matairi yalinifika kiunoni. Kila Jumamosi na kila jioni ya siku za kazi grenda ya kukatia chuma ililia mpaka meno yakaniuma, na cheche za kuchomelea zilitoboa turubai la jirani, nikaenda kuomba radhi mimi.

Ekseli ya nyuma ilikosa sili. Sili ni ile pete ndogo ya mpira inayozuia oili isitoke pale chuma kinapozunguka. Ekseli ilikuwa ya gari hili na kikombe chake, pale sili inapokaa, cha gari lile, kwa hiyo dukani haikupatikana pete iliyotosha. Mume wangu, fundi wa miaka ishirini na tano, ambaye mteja akimletea sili ya kuungaunga humfukuza, alikwenda bafuni akachukua kandambili yangu. Akakata pete kwenye soli, akaipaka gundi, akaipachika.

"Hii itatuzika sisi," akasema, ameridhika kabisa.

Ilianza kudondosha siku ileile. Tone moja, kimya, halafu jingine. Mimi nikabaki na kandambili ya mguu mmoja.

Mimi nashona sare za shule. Cherehani yangu iko barazani, na mashati meupe ya watoto wa watu huning'inia kwenye kamba mle uani. Basi fikiria mwenyewe. Nilikuwa nikiguswa begani na kidole cha mapenzi, naona alama nyeusi. Nikifungua friji, mpini una girisi. Sabuni ya kuogea ilikuwa na rangi ya matope. Lakini lililonichefua kuliko yote ni jinsi alivyokuwa anapima matone. Alikuwa anachuchumaa, anachovya kidole kwenye tone lililo sakafuni, anakinusa, kisha anakigusisha ulimi. "Hii ya difu," anasema. Au, "Hii ya giaboksi." Hakosei. Halafu anajifuta kwenye suruali, anakuja mezani anamega ugali, na mimi nimekaa naye bakuli moja. Niliacha kula naye. Nilisema tumbo linanisumbua, naye akaniamini, kwa kuwa alikuwa anawaza springi.

Kwanza walikuwa wanaenda kujaribu upande wa Zuzu, lakini kule walirudi wamenuna. Mawe yenyewe, walisema, ni ya kukalia tu. Wakarudi kuendelea kuunda na kuundua uani kwangu. Siku moja walilipandisha gari juu ya magogo ili magurudumu yazunguke hewani, wakakanyaga mafuta, na ile pete ya kandambili ikatema. Oili ilirushwa mpaka kwenye kamba. Mashati kumi na mawili, yamekwisha kupigwa pasi, ya shule moja, yanasubiriwa Jumatatu.

Sikulia. Nilisimama pale na pasi mkononi, nikatamka maneno ambayo kama ningeweza kuyarudisha ningeyarudisha kwa magoti.

Nilisema, "Kwa nini msiende na takataka lenu kwenye mawe ya mama?"

Mume wangu aliinua kichwa. Bwana wa ofisini akauliza, "Mama yako ana mawe?"

Mama anayo mawe. Nyuma ya nyumba yake kuna mwamba, na ni vizuri niueleze ulivyo. Chini ni jiwe moja pana, limelala, laini kama sakafu, linaweza kuchukua watu wa ibada nzima. Kisha kwa nyuma linainuka, na juu yake mawe makubwa yamebebana, mengine marefu kama nyumba, na kati yake mna nyufa na ngazi za asili tulizokuwa tukizipanda utotoni. Watu wa magari wangeota mawe kama yale. Lakini ile sakafu ya chini ndiyo maisha ya mama.

Pale ndipo anapoanika mlenda. Mvua zikinyesha, majani ya mlenda huota yenyewe mashambani na kando ya njia, wanawake huyachuma kwa siku chache kabla hayajakomaa. Ya kula leo hayazidi sufuria moja. Mengine yote huanikwa, yakikauka husagwa, na huo unga ndio mboga ya mwaka mzima, nchi ikiwa kavu na hakuna jani bichi hata la kumwonyesha mtoto. Unapika na magadi, ukijaliwa unatia karanga, unakula na ugali wa uwele. Sasa, majani hayo ukiyaanika chini yanaokota mchanga. Ukiyaanika kwenye turubai yanatoa jasho, yanakuwa meusi na kuchacha. Mwamba unashika joto la jua juu na chini, siku mbili tu yamekauka na bado kijani. Bibi alianika pale, na mama yake bibi. Mama amebaki peke yake sasa, na kila mwaka alinijazia mfuko wangu. Sijawahi kununua mlenda sokoni tangu niolewe.

Nilijua kwamba huwezi kuyafikia mawe ya juu bila kupita kwenye sakafu ya chini. Nisidanganye. Nimekulia pale, najua kila mwanya. Nilijua, nikawapa, kwa sababu nilitaka ua wangu.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda. Gari lilibebwa kwenye lori, likashushwa barabarani, likaingia kwa mama linanguruma. Mimi nilitangulia mbele kwa miguu.

Mama alikuwa mwambani, ameinama, anageuza majani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hao ni akina nani?" Nikamwambia, ni mkwe wako na rafiki yake, wamekuja kucheza na gari lao kwenye mawe kidogo. Mama aliposikia neno mkwe alisimama palepale. Alijifunga kanga vizuri, akajifunika kichwa, akaanza kukusanya majani yake kwenye ungo haraka haraka, yakiwa bado hayajakauka, akaenda ndani kwa kupitia mlango wa nyuma.

Hapa yafaa nieleze, maana vijana wa mjini siku hizi hukaa sebule moja na mama wakwe zao wakaangalia tamthilia. Kwa mama si hivyo. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Akiwa njiani, yeye anaacha njia. Hawali pamoja, hawagombani, hawaombani kitu mdomo kwa mdomo. Likiwapo jambo, linapita kwa binti. Ni heshima, na mama huishika kama anavyoishika Biblia.

Mume wangu aliyajua hayo. Hakuwa mjinga. Kwa hiyo gari lilipopita mbele ya nyumba aligeuza uso upande wa pili, akaukaza mkanda wa kofia ngumu aliyokuwa ameivaa, hakumsalimu mtu. Baadaye aliniambia, kwa fahari kabisa, "Umeona nilivyomheshimu mama?"

Na bwana wa ofisini, ambaye kwao sijui ni wapi na sikutaka kujua, alitazama ule mwamba ulioachwa wazi akasema, "Mama katupisha. Aisee, watu wa huku ni wakarimu sana."

Sikumsahihisha.

Walipunguza upepo kwenye matairi ili yashike jiwe. Mmoja akaendesha, mwingine akatembea mbele kwa kurudi nyumanyuma, akimwelekeza kwa mikono: kulia, kulia, shika hapo, sasa gesi. Gari lilipita kwenye sakafu, likaanza kupanda. Nitasema ukweli wote, hata unaoniaibisha. Lilipofika pale kwenye jiwe tuliloliita mlango tulipokuwa watoto, gurudumu la mbele likanyanyuka likaning'inia, na mume wangu akatulia ndani ya kile kizimba, akasubiri, akaligusa kidogo tu, likajivuta likapita. Nilipiga makofi. Niliruka. Nilikuwa sijamwona mwanamume yule akifanya jambo kwa upole kiasi kile tangu wanangu wakiwa wachanga. Nikapiga vigelegele, na ndani ya nyumba mama alivisikia.

Kisha walikula kuku wa kuchoma, wakatupa mifupa kwenye ufa. Bwana wa ofisini alijisaidia nyuma ya jiwe, mita chache kutoka dirisha la mama, anaimba. Nilitazama pembeni.

Wakawa wanakwenda kila Jumamosi. Gari waliliacha kule kabisa, chini ya banda la ng'ombe lisilotumika, wakaleta na mapipa yao ya oili. Mimi ua wangu ukarudi. Nilisugua sakafu kwa siku mbili, nikapaka chokaa ukutani, nikatundika mashati meupe safu tatu, nikakaa barazani nikasikia cherehani yangu peke yake. Raha niliyoisikia sitaificha. Nilimsifu hata mume wangu kwa majirani. Nilisema, siku hizi ana mchezo wake, hanywi pombe.

Na mama tuliongea kwa simu, kila baada ya siku chache.

"Hamjambo huko?"

"Hatujambo mama. Nyie?"

"Tupo. Mkwe wangu anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri."

"Haya. Anakuja Jumamosi?"

"Anakuja."

"Haya mwanangu."

Hapo anakata. Mara nne, mara tano, maneno ni yaleyale. Anauliza kama anakuja, mimi najibu anakuja, yeye anasema haya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi ndiye niliyezaliwa na yule mwanamke, ningepaswa kuujua ukimya wake. Lakini mtu akishapata ua msafi hataki kuusikia mshindo.

Nilikwenda kwa mama siku ya Jumatano, mwisho wa mvua, kuchukua mfuko wangu wa mlenda. Sikumwambia kwamba nakuja. Nikapiga hodi, kimya. Nikazunguka nyuma.

Nilianza kuinusa kabla sijaona kitu. Ile harufu. Mayai viza, saa saba mchana, jua kali, mwamba umepata moto, na harufu inapanda kutoka kwenye jiwe lenyewe. Halafu nikaona. Sakafu yote ilikuwa na michirizi myeusi ya matairi, na katikati yake, kutoka ukingo mpaka kwenye mawe ya juu, madoa yamefuatana, kila walipopita, kila waliposimama, mengine mapana kama sinia, yamezama ndani ya jiwe. Nzi walikuwa kwenye mifupa. Na mama yangu, mwenye magoti yanayomuuma, alikuwa amepiga magoti juu ya gunia, ana ndoo ya majivu na kipande cha gunzi, anasugua.

Alisugua doa moja wakati namwangalia. Lilipauka kidogo. Akamwagia maji, jua likayakausha, doa likarudi vilevile.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba." Hakugeuka. "Umekuja."

"Mama, kwa nini hukusema?"

Aliendelea kusugua. "Nimwambie nani?"

"Ungemwambia asije."

"Nimfukuze mkwe kwangu? Kwa mdomo huu?" Akaliweka gunzi chini. "Mkwe hafukuzwi, mwanangu. Likiwapo jambo la mkwe anasemeshwa binti."

"Basi ungenisemesha mimi."

Hapo ndipo alipogeuka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Wewe ndiye uliyemleta. Ulisimama hapo ukapiga vigelegele. Nikasema, binti yangu anajua, kaona, karidhia. Kila nikikupigia nakuuliza, anakuja? Unasema anakuja."

Nilichukua gunzi, nikapiga magoti upande wa pili, tukasugua sote mpaka majivu yakaisha. Mikono yangu ilinuka kama mikono ya mume wangu. Nilijisikia kinyaa, ila safari hii hakikuwa juu ya oili wala juu ya wale wanaume wawili. Kilikuwa juu ya yule mwanamke mwenye ua msafi Nkuhungu.

Nilipokuwa naondoka mama aliniletea mfuko. Ulikuwa mwepesi kuliko miaka yote, haukufika nusu. "Mwaka huu ndio huo," akasema. "Nilianika pembeni, pale walipokuwa hawajapita, lakini jua likiwaka hiyo oili inatembea." Kisha akanishika mkono, jambo asilolifanya mara nyingi. "Mpikie mkwe wangu."

Njia nzima niliupakata ule mfuko. Sikuufungua.

Nilifika jioni. Wote wawili walikuwa uani, wamekaa, wanachora kwenye karatasi namna ya kurefusha shokapu. Nilikuwa nimepanga matusi toka Mvumi, nimeyapanga vizuri. Nikaanza na la kwanza tu.

"Mmemharibia mama mwamba wake."

Mume wangu alishangaa, mshangao wa kweli. "Mwamba? Mwamba unaharibikaje?"

"Oili."

"Matone tu yale, mama watoto. Jiwe litaliwa na matone? Na mbona mama mwenyewe hajasema kitu? Kila tukifika anatupisha."

"Anakupisha kwa sababu wewe ni mkwe! Hata ungeenda kuichoma nyumba yake moto angekupisha!"

Bwana wa ofisini akasema, "Shemeji, tu-relax kidogo. Tunaweza kum-compensate mama, hakuna shida."

Nikaingia jikoni. Niliufungua mfuko, na harufu ikanisalimu kabla ya mlenda. Haikuwa kali sana. Ilikuwa nyuma ya harufu ya majani, imejificha, kama ile ya kwenye pindo la kanga. Nilipika kama nilivyofundishwa, magadi kidogo, karanga nyingi. Nilipoanza kuukoroga mvuke ukapanda, nikageuza uso. Nikasonga ugali. Nikaweka mezani, nikawakaribisha wote wawili, nikakaa.

Bwana wa ofisini alichovya tonge, akatia mdomoni, akaacha kutafuna. Alitoa leso, akatema kwa adabu. "Samahani shemeji, nadhani kuna kitu kimemwagikia humu."

Mume wangu alikuwa amekwisha kutia lake. Nilimtazama usoni, maana niliisubiri saa hiyo tangu nilipopanda basi kule Mvumi. Aligusisha ulimi, kama anavyofanya akiwa amechuchumaa uani. Nikaona macho yake yanaelewa. Mwanamume huyu hajawahi kukosea. Hakuhitaji kuambiwa ni oili gani, wala imetoka kwenye ekseli ipi, wala imepita kwenye pete ya kandambili ya nani.

"Mlenda huu umetoka kwa mama?" akauliza, taratibu.

"Kwa mama. Kanituma. Kasema, mpikie mkwe wangu."

Aliangalia bakuli. Chakula alichokuletea mama mkwe hakisuswi. Hilo nalo alilijua, alilijua kama alivyojua kugeuza uso. Akamega tonge jingine, akachovya, akameza. Kisha jingine. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Rafiki yake alisema, "Kaka, acha, utaumwa." Aliendelea mpaka akalifuta bakuli kwa tonge la mwisho. Bwana wa ofisini aliaga akaondoka, na tangu siku hiyo hajanywa tena chai kwangu.

Mimi nilikuwa nimejipakulia pia. Nilitia tonge moja mdomoni. Nililitoa kwa mkono, nikalifunika kwa kisahani, mume wangu akaona.

Jumapili alikwenda kule saa za ibada, mama akiwa kanisani, ili wasikutane. Alibeba brashi za chuma, sabuni ya unga, mchanga, na mche mzima wa sabuni ya kufulia. Alizoa mifupa yote. Alisugua kwa saa tatu, vidole vikachubuka. Aliondoka kabla mama hajarudi. Gari nalo alilirudisha kwa lori, na sasa liko uani kwangu tena, limekaa juu ya magogo, linadondosha. Nimeliwekea beseni chini. Mashati nayaanika barazani, siku nyingine ndani. Silalamiki, na ikinijia hamu ya kulalamika naenda kulimwaga lile beseni.

Nilimuuliza kama madoa yametoka. Alikaa akiangalia mikono yake. "Ya juu yametoka," akasema.

Wiki hiyo mama alipiga simu. Tukasalimiana kama kawaida. Akaniambia kuna mtu kasahau mche wa sabuni mwambani, nimwambie mwenyewe akipita tena ataukuta dirishani. Nikasema nitamwambia. Akaniambia mwakani ataomba mwamba wa jirani, ule wa ng'ambo ya korongo, ni mdogo na una kivuli, lakini atajaribu. Nikasema sawa mama.

Kisha akauliza, "Ule mlenda, mkwe wangu alikula?"

"Alikula mama. Alimaliza wote."

"Haya. Vizuri." Nikamsikia anavuta pumzi. "Na wewe mwanangu, ulikula?"

Beseni lilikuwa mbele yangu, na tone lilikuwa linajikusanya kwenye ekseli.

"Nilikula, mama," nikasema.

"Haya mwanangu," akasema, akakata simu.